Harusi Yangu na Treni ya Olaya

Nilikuwa nimeshamfanyia Ami Bakari, ndugu wa baba yangu, umra yake, baada ya yangu mwenyewe, nimezunguka kwa niaba yake na kumwombea mpaka koo limekauka, ndipo nikagundua kwamba marehemu alinisikia siku ile ya ndoa yangu. Niligundua jikoni, mahali ambapo watu wetu huweka siri zao zote. Mimi na mjane wake, Bi Zuhura, tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Ghulail, kwa mama mmoja wa Lamu aliyekaa Jeddah mpaka akaacha kuhesabu miaka. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimetoka dukani na ful, maharage ya kupondwa ya moto, kwenye mfuko na mkate wa tamis mpana kama kifuniko cha pipa, nikawa navua viatu mlangoni, na ndani Bi Zuhura alikuwa akicheka. "Mpaka leo Maimuna adhani ni mtandao," alikuwa akimwambia mwenyeji wetu. "Alisema subirini, waziwazi, kila aliyekaa karibu alisikia. Simu ilikuwa juu ya mkeka. Marehemu akavua kofia, akaifunika, akamwambia sheikh, binti kanyamaza, hizo ni haya za mwali." Mama wa Lamu akauliza, "Na bwana harusi je?" Bi Zuhura akajibu, "Si alikuwa papo hapo, goti kwa goti na marehemu." Kisha wakacheka wote wawili, kicheko kile cha watu wazima wanaposimulia ujanja wa maiti.

Niliingia, nikamimina ful bakulini, nikakata mkate. Bwana harusi waliyekuwa wakimzungumzia ni Nassor, mume wangu. Miaka yote tuliyoishi pamoja Mombasa amekuwa akiwaambia wageni, kwa fahari, kwamba siku ya ndoa yetu nilinyamaza kwa haya, na mimi nimekuwa nikimwacha aseme, kwa kuamini kwamba neno langu lilimezwa na handaki la treni huko Riyadh na hakuna aliyelisikia. Nililichukia handaki lile kwa miaka. Kumbe lilikuwa limekaa zake, halina kosa. "Mbona umekuwa kimya, Maimuna?" Bi Zuhura akaniuliza, kidole chake kimejaa mafuta ya ful. Nikamwambia ni uchovu wa kutufu Kaaba. Hakuuliza tena. Kwetu mwanamke akinyamaza, kila mtu hujiona ameshajibiwa.

Mwaka wa ndoa ile, nikiwa kazini Riyadh, treni ya jiji ilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa watu. Reli zilikuwa zimelazwa, umeme umeunganishwa, vituo vinang'aa kama vyombo vya kabatini ambavyo mama hataki viguswe. Mabehewa yalipita juu ya barabara mchana kutwa, taa zinawaka, viti vitupu, hakuna dereva wala abiria, yanafanyiwa majaribio. Ndani walipakia mifuko ya mchanga ili breki zizoee uzito wa binadamu. Nilikuwa nikiiona ile mifuko imekaa dirishani, imetulia, inapelekwa mjini bure, na mimi niko chini, kwenye teksi iliyokwama mbele ya vizuizi vya plastiki, dereva anageuza gari kwa mara ya tatu kwa sababu njia ya jana leo imefungwa. Jiji zima lilikuwa linaambiwa litasafiri kwa raha. Lakini hiyo ilikuwa raha ya kesho, na sisi tuliokuwa pale leo tulikula vumbi.

Kazi yangu ilikuwa mishale. Nimesomea uchoraji wa ramani za majengo, na kampuni ndogo iliyopata kandarasi ya mabango ya vituo ilinichukua ili nitembee humo ndani kama abiria mgeni. Nimeshuka, nataka kutoka nje, mshale unanipeleka wapi? Mara nyingi ulinipeleka ukutani. Kulikuwa na kituo kimoja upande wa Olaya ambako mshale wa kutokea uliwaongoza watu, kwa ukarimu kabisa, mpaka stoo ya mafagio. Napiga picha, napeleka ripoti, mshale unahamishwa. Wiki ijayo anakuja fundi mwingine anaurudisha palepale kwa sababu mchoro wake ni wa zamani. Nilikuwa nikirudi nyumbani na kuuota mshale ule. Bosi wetu, Abu Talal, alikuwa muungwana ambaye kila aliponinyima kitu alininywesha kwanza kahawa ya iliki. "Ufunguzi karibu, ya Maimuna," aliniambia. "Kabla ya ufunguzi, mafi ijaza, likizo hakuna kwa mtu yeyote. Baada ya ufunguzi, halas, nenda miezi miwili." Ukimwuliza ufunguzi wenyewe ni lini, anasema karibuni inshallah, anakuongezea kahawa. Na bila yeye kukubali sikuweza kwenda popote, kwa sababu kibali cha kutoka nchini na kurudi kiliombwa na kampuni, si mimi.

Nilikaa na Wanjiru, msichana wa Nakuru aliyekuwa mapokezi katika hoteli moja ya Olaya. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na jiko, nyuma ya duka la kufulia nguo, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani kwa karibu mno. Kiyoyozi kilitiririsha maji kwenye ndoo, na ile ndoo ndiyo tuliyopigia deki, kwa hiyo tulijisifu kwamba hakuna kinachopotea. Vumbi la ujenzi liliingia hata kwenye sukari. Siku za Alhamisi tulinunua wali wa bukhari na kuku nusu, tukatandika gazeti chini, tukala kwa mkono. Wanjiru alikula huku akiwasema wageni wa hoteli, mimi nikisema mishale, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake hata kidogo. Nikikumbuka sasa, sijapata tena chakula kitamu vile. Ijumaa Nassor alipiga simu. Tulikuwa tumechumbiana kabla sijaondoka, na kila Ijumaa alifunga mazungumzo kwa maneno yaleyale: "Mimi nakusubiri, Maimuna. Hata miaka." Nilikuwa nikilala na maneno hayo.

Lakini kwetu harusi si ya wanaooana. Tarehe ikishatangazwa, haina mwenyewe tena. Abu Talal aliniahidi likizo mfunguo mosi, baada tu ya Ramadhani, nami nikampa Ami Bakari tarehe, kwa sababu baba yangu hakuwapo tena duniani na yeye ndiye aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha. Mfunguo mosi ukafika, ufunguzi haukufika, likizo ikayeyuka. Tukaahirisha. Abu Talal akataja mwezi mwingine, akamimina kahawa, na mwezi huo nao ukaja na kupita. Hapo ndipo subira ya Ami ilipokwisha. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameshashona sare, madera ya zambarau yenye ushanga kifuani, na mpishi wa biriani alikuwa ameshaahirishwa mara mbili na ameapa haahirishwi tena.

"Ami, nipe mwezi mmoja tu," nilimwomba. "Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja yaumiza tumbo," akanijibu. "Mwezi mmoja ulinambia tangu Ramadhani. Sikiza, mwanangu. Ndoa haimtaki mwanamke akae pale. Yataka walii, mume, mashahidi na idhini yako. Idhini yapita kwenye simu. Treni yako ikifunguka, utakuja uwe mke wa mtu tayari."

"Sitaki kuja kuwa mke tayari. Nataka kuwapo nikiwa mke."

"Hiyo ni lugha ya skuli, Maimuna. Mimi nazungumza lugha ya watu waliokwisha shona sare."

Nilikubali kwa nusu mdomo, nisikudanganye. Nilichoka kubishana na mtu mzima kwa vocha ya simu. Lakini nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Hakuna aliyenilazimisha mume, maana mume nilimtaka mwenyewe. Nilichokuwa napokonywa ni siku yenyewe: kunukia asumini, kusikia mlango wa msikiti ukifunguka na watu wakitoka, kuona uso wa Nassor kwa mara ya kwanza akiwa wangu. Nilikuwa nataka kusubiriwa, basi. Jiji zima lilikuwa linaisubiri treni mwaka hadi mwaka na hakuna aliyeona ajabu, lakini mimi sikustahili hata mwezi mmoja.

Wanjiru alinisikiliza akigeuza chapati. "Wait," akasema. "Kwani bibi harusi si lazima awe kwa harusi yake? Kwetu hata pastor hawezi anza."

"Kwetu anaweza. Mradi Ami aniulize kwa simu nikubali."

"Na ukisema no?"

"Haiendelei."

"Na ukinyamaza?"

"Mwanamwali akinyamaza, amekubali. Ni haya."

Aliweka mwiko chini akanitazama. "Aki nyinyi watu. Basi wewe usinyamaze, tafadhali. Hata ukohoe."

Siku ikafika. Ndoa ilikuwa baada ya alasiri, na saa zetu za Riyadh ni zilezile za Mombasa, kwa hiyo nilijipanga niwe ofisini, mlango umefungwa, nimevaa baibui jipya angalau. Adhuhuri binamu yangu akanitumia picha kutoka ukumbini walikokuwa wakiandaa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi. Kiti changu cha enzi kilikuwa kimeshapambwa, maua meupe na dhahabu, taa ndogondogo kama nyota. Na juu ya kiti, mahali pangu, walikuwa wameegemeza picha yangu. Hawakuwa na nyingine iliyoonyesha uso wote, kwa hiyo walichukua ile ya pasipoti, wakaikuza ikawa kubwa kama mlango. Nilikuwa nimekunja uso, masikio yametokeza, macho kama ya mtu anayesakwa na polisi. Wakaning'iniza kikuba cha asumini kwenye fremu. Niliitazama picha ile nikaikumbuka mifuko ya mchanga, na nikajua kwamba sitakubali. Nitamwambia Ami subirini, mbele ya sheikh na mashahidi, na biriani na ioze.

Nikiwa bado nayapanga maneno, Abu Talal akagonga mlango. Wakaguzi wanakuja kesho asubuhi, na mshale wa kituo kile umerudi stoo ya mafagio. "Yalla, Maimuna. Nusu saa tu, kisha rudi kwenye simu yako. Mabruk." Nikamtazama yule mtu. Hata hasira ilinishinda, nikabaki na kitu kama usingizi. Nikaenda. Nilikuwa chini kabisa, kwenye jukwaa, nimesimama mbele ya mshale nikimwonyesha fundi ukuta, simu ikalia. Huko chini mtandao ulikuwa wa kuokoteza, maana mitambo ya simu bado haijafungwa. Kulikuwa na sehemu moja karibu na ngazi ambako ulishika kidogo. Nikaikimbilia, baibui mkononi. Sauti ya Ami ikaja imejaa mwangwi wa msikiti: "Maimuna binti Athumani, waniruhusu nikuoze kwa Nassor bin Said, kwa mahari mliyopatana?" Nyuma yangu treni tupu ikawa inaingia, ule mluzi wake mwembamba wa umeme. Nikasema, "Subirini kwanza, Ami." Nilisema kwa sauti, mpaka fundi akageuka. Kisha simu ikafa.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nilipofika juu ya ardhi simu ilitetemeka mkononi, jumbe zikimiminika zote pamoja: hongera, mabruk, hongera bibi harusi. Nikampigia Ami, na kabla sijafungua mdomo nikasikia vigelegele. "Ulinyamaza, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayekaribia kulia. "Alhamdulillahi, bado mabinti zetu wana haya." Akampa simu Nassor, na Nassor akasema, "Mke wangu," kwa mara ya kwanza, polepole. Nilisimama kando ya barabara ya Olaya, magari yananipigia honi, vumbi limenijaa machoni, na maneno niliyoyapanga yakakosa pa kutokea. Utawaambiaje watu waliokwisha piga vigelegele kwamba mtandao ulikuwa mbaya? Nikasema ahsante. Kisha nikarudi chini nikamalizia mshale.

Jioni Wanjiru alipika chapati na nyama, akapuliza maputo mawili, akayabandika kwenye kiyoyozi. Tulikaa godoroni tukaangalia kupamba kwenye simu yake, kwa sababu yake ilikuwa na kioo kikubwa. Shangazi zangu walikuwa wakija mmoja mmoja kuipa mkono picha ya pasipoti. Mmoja aliibusu. Mwingine aliitia manukato mpaka kioo cha fremu kikafifia. Wanjiru alianza kucheka, akajizuia, akanitazama, kisha tukacheka wote mpaka ikawa kulia. "Si uwaambie ukweli," akasema. Nikamwambia ukweli umebaki kwenye handaki. Yeye akafuta macho, akanimegea chapati, akasema, "Basi kula, mama harusi. Angalau wewe hapa unakula. Ile picha haiwezi."

Na treni haikufunguliwa mwaka ule. Wala mwaka uliofuata. Mkataba wangu ulikwisha, Abu Talal akaninywesha kahawa ya mwisho, nikarudi Mombasa na kuingia nyumbani kwa Nassor kwa miguu yangu mwenyewe, na sijajuta kuingia. Ni mtu mwema, fundi wa majokofu asiyejua kupandisha sauti. Habari ya ufunguzi ilinikuta jikoni miaka baadaye, nakata vitunguu: kwenye simu nikawaona watu wa Riyadh wakipanda, wakijipiga picha, watoto wamebandika nyuso kwenye dirisha la mbele ambapo dereva angekaa. Nilifurahi nikakasirika, yote kwa pamoja. Nikamwita Nassor aje aone. Akaangalia, akasema, "Treni yako," akarudi kwenye jokofu lake.

Basi kutoka Ghulail nilimwacha Bi Zuhura na swahiba wake wa Lamu, nikaruka kwenda Riyadh kama nilivyokuwa nimepanga, kumwona Wanjiru. Bado yuko Olaya, sasa ni msimamizi wa mapokezi, amenenepa na anavaa miwani. Simu za Nassor nilikuwa sizipokei, namwandikia tu kwamba niko ibadani. Wanjiru nilimweleza yote tukiwa tunateremka ngazi za umeme kituoni. Alisimama katikati mpaka watu wakatusukuma. "Kofia?" akasema. "Alifunika simu na kofia? Na Nassor alikuwa hapo?" Nikamwambia hilo ndilo nisilolijua: kama mume wangu alinisikia. "Si umuulize," akasema, kama mtu anayesema si uvae viatu.

Kituo kilikuwa kilekile. Watu wamejaa: wafanyakazi wa ofisini, walinzi waliomaliza zamu, mama wa Kifilipino na mifuko ya sokoni, vijana wanaotembea bila kuinua macho. Nikautafuta mshale wangu. Upo. Unaelekeza mlango wa kutokea, sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyeutazama. Nilitaka kumshika mtu mkono nimwonyeshe. Tukasubiri mbele ya milango ya vioo, upande wa behewa la familia, na hapo, palepale karibu na ngazi, simu yangu ikalia. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu.

"Umetususa," Nassor akasema. "Umra gani hii isiyopokea simu?"

"Nassor, siku ya ndoa yetu, Ami aliponiuliza, nilisema nini?"

"Ulinyamaza. Kwani?"

"Bi Zuhura anasema nilisema subirini. Anasema Ami alifunika simu kwa kofia. Anasema wewe ulikuwa goti kwa goti naye. Ulinisikia?"

Akanyamaza. Treni ikaingia na mluzi wake uleule, milango ikafunguka, Wanjiru akanivuta mkono. Nikautoa. Treni ikaenda bila sisi. Nilitazama simu: mtandao bado umejaa, haujakatika. Ami angesema hilo tayari ni jibu, watu wapige vigelegele wakale biriani. Mimi nikamwuliza tena.

"Nassor. Nakusikia vizuri huku. Ulinisikia?"

"Nilikusikia," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliogopa. Umeahirisha mara mbili, Maimuna. Nikasema tukisubiri tena hutakuja kabisa. Kofia ilipoanguka juu ya simu nikashukuru Mungu. Kila siku nimetaka kukwambia."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukisema hata miaka."

"Ndiyo mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na ilikuja, hasira nzuri ya siku zote. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia marehemu na kofia yake, na Abu Talal na kahawa yake. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kwamba kumbe neno langu lilifika. Miaka yote nilidhani sikusikika popote.

"Nikirudi utanioa tena," nikamwambia. "Mbele ya macho yangu. Nitakaa kwenye kile kiti mwenyewe, na ile picha ya pasipoti uitoe stoo uichome kabla sijashuka uwanja wa ndege."

"Watu watatucheka, mke wangu."

"Nao tutawashonea sare."

Treni ya pili ilikuwa imeingia. Wanjiru alishatangulia, ameweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele, dirishani, kunishikia nafasi. Nassor akavuta pumzi aniambie jambo.

"Subiri kwanza," nikamwambia, nikapanda.